Chuo Kisichokuwa na Desturi

Dharampani, Himachal
Jumapili, 3 Julai 2011

Shangazi Kusum,

Shikamoo. Mguse Bibi miguu kwa heshima, kwa niaba yangu, na umwambie nimefika mzima na sweta yake nimeivaa tangu jana, ingawa watu wa huku wanasema hii ni joto.

Treni ilichelewa kuingia Delhi, na basi la milimani likachelewa kuishinda treni. Chivda uliyonifungia nile njiani ndiyo iliyonifikisha. Iliyobaki ameimaliza mwenzangu wa chumba, Gurnoor, Mpunjabi wa Bathinda, mtu mrefu anayezungumza hata akiwa anapiga mswaki. Amenieleza habari za baba yake, trekta za baba yake na mchumba aliyemkataa, yote kabla sijafungua sanduku. Mimi nilitikisa kichwa tu, naye akaridhika.

Sasa habari za hiki chuo chetu cha biashara. Shangazi, chuo hakipo.

Sisi wanafunzi tupo, na walimu wapo. Kuna ghorofa mbili walizotupangisha watu wa chuo cha uhandisi, na kuta zake bado zinanuka grisi. Lakini chuo chenyewe ni kilima kitupu chenye uzio na kibao. Mkurugenzi alitupeleka juu siku ya pili, kwa miguu, mvua inanyesha. Akasimama kwenye tope, suruali amekunja hadi magotini, akaanza kutuonyesha kwa mkono: hapa maktaba, pale ukumbi wa mihadhara, kule chini mabweni. Mahali pa maktaba alikuwa amelala ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Tulimtazama yule ng'ombe kwa heshima zote.

Kisha akatuambia maneno ambayo nimeyanukuu ili nisiyapoteze: "Vyuo vikubwa mlivyovikosa vina desturi za miaka hamsini. Hapa mmetanguliwa na kundi moja tu, nalo bado halijamaliza. Mkifanya jambo mara mbili, mara ya tatu litaitwa desturi ya chuo. Kwa hiyo angalieni mnachokifanya."

Nimesoma shule zenye picha za wazee ukutani maisha yangu yote, na sijawahi kuambiwa kwamba mimi ndiye mzee wa kwenye picha.

Maktaba kwa sasa ni chumba chenye maboksi. Jana tuliyafungua. Nilishika kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimegandana pembeni. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekisoma kitabu kile. Nilikaa nacho sakafuni mpaka Gurnoor akaniuliza kama ninaumwa.

Masomo yanaanza kesho. Alama zinatolewa kwa njia mbalimbali, nitakueleza siku nyingine.

Unajua simu na mimi hatuelewani, kwa hiyo nitaandika.

Mwanao,
Pushkar


Kavthali, wilaya ya Sangli
20 Julai 2011

Pushkar mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kimoyomoyo na mara moja kwa sauti, maana Bibi yako hakubali kusimuliwa, anataka kusomewa. Anauliza, kama chuo hakipo, utahitimu wapi? Juu ya mgongo wa ng'ombe? Nimemwambia anyamaze, kisha nikacheka mimi mwenyewe nikiwa jikoni.

Sisi hatujambo. Mvua imekuwa nzuri, ila paa la nyuma linavuja palepale pa zamani. Mimi bado nimo ndani ya kile kibanda changu cha vioo pale stendi, natangaza mabasi. Wiki iliyopita kipaza sauti kilikufa katikati ya neno, ikabidi nitoke nje niite abiria wa Pandharpur kwa koo langu. Wakaja wote mbio, hata wa Kolhapur. Kuna inspekta mpya amehamishwa kutoka Karad, anaitwa Nikam, mtu mkimya. Alinitazama, akasema kumbe umeme wa serikali ulikuwa unapotea bure. Sikujua kama ni sifa au matusi.

Kula. Usiseme chakula cha huko hakina pilipili, nunua pilipili.

Na sasa wewe. Umeniandikia ng'ombe, umeniandikia maboksi, halafu mambo ya alama umeyapita mbio. Nimekulea tangu baba yako na mama yako walipotutoka, ulikuwa hujafikia urefu wa meza. Nakujua unapokimbia. Alama zinatolewa kwa njia gani?

Shangazi yako


Dharampani
Jumapili, 28 Agosti 2011

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya sikukuu ya Ganpati mnayemwandaa. Kwa mara ya kwanza sitakuwepo kubeba sanamu yake. Mwambieni mtoto wa jirani asimshike kwa mkonga.

Theluthi ya alama inatolewa kwa kuzungumza darasani. Hilo ndilo nililolikimbia.

Ngoja nikueleze darasa lenyewe lilivyo, kisha utaelewa. Tunaye mwalimu anaitwa Profesa Zothanpari, mwanamke mfupi wa Mizoram, sauti yake ndogo kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Anaingia mikono mitupu. Usiku wa kuamkia somo tunakuwa tumesoma kisa cha mtu halisi mwenye biashara yake. Juzi alikuwa mwenye kiwanda cha barafu huko Surat. Wavuvi wanaanza kununua majokofu, wanawe hawataki barafu, wafanyakazi wake wamezeekea pale. Profesa anauliza swali moja tu: "Leo asubuhi huyu baba afanye nini?" Halafu anakaa.

Shangazi, sijawahi kuona kitu kama kile. Kapteni aliyeacha jeshi anasema afunge. Msichana aliyekuwa muuguzi anauliza wale wazee wataenda wapi. Gurnoor anasimama, anasema kwao kuna mtu aliuza barafu akaishia kuuza baridi, yaani vyumba vya kuhifadhi viazi, na mara darasa zima linageukia upande mwingine kama kundi la ndege. Saa mbili zinakwisha hatujui zilikokwenda. Mimi nilidhani najua hesabu. Sikujua kwamba nyuma ya kila safu ya hesabu kuna mtu hajalala usingizi.

Na mimi nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tangu dakika za mwanzo, nimelipanga vizuri, na hakuna aliyekuwa amelisema. Nilikaa nalo mpaka mwisho. Tangu Julai sijafungua mdomo darasani hata mara moja.

La pili ni baya zaidi. Chuo hiki hakuna kampuni inayokijua. Kundi la kwanza lilikuwa na kazi ya kuwaomba watu wa makampuni waje wawaone wanafunzi na kuwaajiri, nasi tunapokezwa. Kazi ziligawanywa kwa kura. Wengine walipata kupokea wageni, wengine kupanga viti. Mimi nilipata kupiga simu. Nilimwomba Gurnoor tubadilishane, nimfulie nguo mpaka tumalize masomo. Akasema nguo zake hata yeye anaziogopa.

Nilikwenda kwa Profesa kuomba niondolewe. Ilinichukua muda kumweleza, si unajua. Hakunisaidia hata herufi moja. Nilipomaliza akasema, "Kampuni itakayokata simu kabla hujamaliza jina lako, ile hatuitaki. Wewe ndiye utakayetuchujia."

Sijui kama ni hekima au ni ukatili. Kesho ninaanza.

Pushkar


Kavthali
9 Oktoba 2011

Pushkar mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kimya. Ganpati alikuja akaenda salama, mkonga wake haukuvunjika. Paa limezibwa. Nyumba tumeipaka rangi upande wa mbele, njano hafifu. Hapana, hakuna sababu. Niliona tu ilikuwa imechakaa. Inspekta Nikam alikuwa na ngazi.

Bibi yako anakula vizuri, na siku hizi anacheka peke yake. Nikimuuliza anacheka nini, anasema anamkumbuka babu yako. Babu yako hakuwa mtu wa kuchekesha.

Kuhusu simu zako, sina ushauri. Ulipokuwa shule ya msingi, kwa ajili ya kigugumizi hicho, nilikupeleka kwa daktari wa Sangli, kwa mganga wa Narsobawadi, na kwa yule mwalimu aliyekutia kokoto mdomoni, ambaye nilitaka kumtia mimi kokoto. Nimeacha kushauri. Nilichojifunza ni kukaa.

Umeniuliza katika barua ya mwezi uliopita mbona naandika kifupi. Kazi ni nyingi.

Diwali utakuja?

Shangazi


Dharampani
Jumapili, 13 Novemba 2011

Shangazi,

Shikamoo. Diwali mitihani ilinibana, na nilikosa laddu zako kiasi kwamba nilizila za dukani nikazisema moyoni. Huku tuliwasha taa juu ya kile kilima kitupu. Mkurugenzi alibeba mafuta mwenyewe. Tulizipanga taa kufuata mistari ya chokaa waliyochora mafundi, ukuta kwa ukuta, mlango kwa mlango. Kutoka chini barabarani lilionekana jengo zima, la moto, halina paa. Wanakijiji walisimama kutazama.

Nimezungumza darasani.

Kilikuwa kisa cha mama mmoja wa Madurai anayeuza mashine za kushonea. Watu walikuwa wanabishana kuhusu bei, na mimi nilikuwa naona kwamba tatizo si bei, wateja wake hawajui kuzitengeneza zikiharibika. Mkono ukapanda wenyewe. Profesa akasema, "Pushkar." Nikasimama, na neno la kwanza likakataa. Unajua linavyokataa. Shingo ikakaza, macho yakafumba, nikasikia feni ya darini inazunguka. Nikangoja kile kinachokuja siku zote: mtu kukohoa, mtu kunidokezea neno, kicheko cha nyuma.

Hakikuja. Nilifumbua macho nikaona darasa zima linanitazama, si kwa huruma, bali kama watu wanaosubiri jibu kwa sababu wanalihitaji. Hakuna aliyenimalizia neno. Nadhani ilikuwa ndefu sana. Nilisema nililotaka kusema, lote, kisha nikakaa, na kapteni akasema, "Hapana, sikubaliani naye," akaanza kubishana nami. Kubishana nami, Shangazi. Sijawahi kuheshimiwa namna ile.

Sasa nasema kila siku. Nakwama kila siku. Wameshaanza kusubiriana wao kwa wao pia. Yule muuguzi, ambaye hufikiri polepole, naye hakatizwi tena. Mwezi uliopita mgeni mmoja alitoa hotuba, mwanafunzi akamuuliza swali akasita katikati, mgeni akataka kumrukia. Mkurugenzi aliinua kidole akasema, "Samahani, hapa huwa tunangoja mtu amalize." Alisema huwa, kana kwamba tumefanya hivyo miaka mia. Nilitazama chini, sikuweza kumtazama mtu.

Simu nazo ninapiga. Wengi wanakata. Bwana mmoja wa kampuni ya pampu za maji huko Coimbatore hakukata. Amekubali kuja Januari kutuona.

Kwa kuwa nimekuwa jasiri, Jumapili iliyopita nilipiga simu nyumbani. Nilitaka uwe wa kwanza kunisikia. Akapokea mwanaume.

Nilishindwa kutamka. Yeye akasema, "Polepole, sina haraka," akakaa kimya. Hakuuliza ni nani. Mimi ndiye niliyekata.

Shangazi, ni nani? Unaumwa? Ni daktari? Rangi ya ukuta, Bibi anacheka, barua fupi. Niambie ukweli.

Pushkar


Kavthali
5 Februari 2012

Pushkar mwanangu,

Marahaba. Nimezipata barua zako zote, ya Novemba na zile mbili zilizofuata, ile ya hasira na ile ya kuomba radhi kwa hasira. Nimefurahi yule mtu wa pampu amekuja, na amekuchukua kwa mafunzo ya kiangazi. Bibi yako ameshawaambia watu wa mtaa kwamba utakuwa mwenye kiwanda.

Siumwi. Niko mzima kuliko ninavyostahili kwa umri wangu.

Aliyepokea simu ni Dattatray Nikam, inspekta wa mabasi. Alikuwa amemletea Bibi dawa, mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Aliniambia kuna kijana amepiga, hakuwahi kumaliza. Nikajua ni wewe, nikashindwa kuandika.

Ni mjane. Mke wake alifariki zamani, hakuzaa. Anazungumza kidogo, anatengeneza vitu bila kuombwa, na anakunywa chai bila sukari, hilo ndilo kosa pekee nililoligundua mpaka sasa. Amesema kwamba kabla hajahamia Kavthali alikuwa akipita hapa na basi, akisikia sauti yangu kwenye kipaza, akawaza huyu ni mwanamke asiyeogopa kitu. Nimemwambia alidanganywa na mitambo.

Anataka kunioa.

Haya, nimeandika. Cheka ukitaka. Bibi yako ameshacheka tangu Septemba, anasema nitakuwa bi harusi wa kwanza Kavthali kuvaa miwani ya kusomea mwaliko wake mwenyewe. Majirani watasema yao. Mwanamke amefika hamsini akiwa peke yake, sasa ndipo anajipaka manjano ya bi harusi.

Utauliza mbona sikuolewa mapema. Walikuja watu, si kwamba hawakuja. Niliwakataa. Sababu sisemi, na usiniulize.

Nimemwambia Dattatray nitampa jibu baada ya kusikia kutoka kwako. Hii nyumba ni yako kabla haijawa yake. Ukisema hapana, sitakuuliza kwa nini, na yeye hatakuwa na kinyongo, nimemuuliza. Ila uniandikie upesi. Kumngojesha mtu wa umri ule si vizuri.

Shangazi yako


Dharampani
Jumapili, 19 Februari 2012

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Ndiyo.

Nimeandika neno hilo kwanza ili ulione kabla ya mengine. Ndiyo, ndiyo, na tena ndiyo. Aje, alete ngazi yake.

Hukuwa na haja ya ruhusa yangu, lakini kwa kuwa umeniomba nimekupa kwa mikono miwili.

Sasa nikueleze jambo. Wiki hii Profesa Zothanpari alitufundisha kwamba kila mtu akichagua kitu, anakilipia mara mbili. Mara moja ni kile alichokitoa mfukoni. Mara ya pili ni ile njia nyingine ambayo angepita na hakupita. Hiyo ya pili, akasema, haiandikwi mahali popote, hakuna mhasibu anayeiona, na mara nyingi ndiyo kubwa zaidi. Niliandika daftarini, nikaelewa kama mtu anavyoelewa kanuni. Nikatoka, nikakuta barua yako mezani.

Umesema nisiulize sababu ya kuwakataa wale watu. Siulizi. Najua nilikuwa na urefu gani wakati ule. Ulishaniandikia mwenyewe: sijafikia meza.

Nilikaa kitandani mpaka Gurnoor akadhani nimefiwa. Nilipomweleza, alitoka akaenda kuwaambia wote. Wakati wa chakula cha jioni kapteni alinyanyua glasi ya maji akasema, "Kwa shangazi." Watu ambao hujawaona wamekunywa maji kwa ajili yako, na walikuwa hawatanii.

Nimekuja huku nikidhani nitaona wakubwa wa makampuni na kushangaa. Nimewaona, ni watu. Ninayemshangaa yuko Kavthali.

Barua hii naipeleka sanduku la posta mwenyewe sasa hivi, kwa miguu, maana mvua imeanza na basi sioni.

Mwanao,
Pushkar


Kavthali
18 Machi 2012

Pushkar mwanangu,

Natumai hujambo na masomo yanaendelea.

Nimengoja. Mtu wa posta sasa ananionea haya, akifika kona yetu anatazama upande mwingine. Nimeelewa. Hukutaka kuandika hapana, ukaona bora usiandike. Sikulaumu, na nilikuahidi sitauliza.

Nimeshamwambia Dattatray. Nilimwambia palepale stendi, kwa maneno machache. Akasema sawa. Akauliza kama bawaba ya mlango wa nyuma aimalizie au aiache. Nikamwambia aiache.

Bibi yako hasemi nami tangu juzi.

Vaa nguo za joto. Ule vizuri.

Shangazi


Kavthali
2 Aprili 2012

Pushkar,

Marahaba, marahaba, marahaba. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia stendi, maana ndipo nilipokuwa.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, siku ya watu wanaokwenda hekaluni Pandharpur. Basi limejaa, injini inawaka, dereva anangoja inspekta atie sahihi ili aondoke. Mara kondakta akaja mbio kwenye kibanda changu. Inspekta amesema basi lisubiri. Kwa nini? Hakusema. Basi nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwa sauti yangu ya kazi kwamba basi la Pandharpur litachelewa kidogo, abiria mnaombwa uvumilivu. Nikarudia. Nikarudia tena. Abiria wakaanza kupiga madirisha. Bibi mmoja mwenye kapu la vitunguu alinitukana mimi, na ukoo wangu, na serikali, kwa mpangilio huo. Nikawa najiuliza Dattatray ana nini leo, mtu ambaye hajawahi kuchelewesha hata baiskeli.

Kumbe alikuwa ofisini kwake, ameshika simu, na kwenye simu ulikuwa wewe, barua yangu ya mwisho ikiwa imekufikia.

Lilipoondoka basi akaja kwenye kibanda. Tangu siku ile nilipomkataa alikuwa hajakikaribia. Akasimama nje ya kioo, kofia mkononi, akasema, "Mwanao amenipigia." Nikamuuliza wewe umesema nini. Akanieleza, naye ana kumbukumbu ya mtu wa ratiba, kwa hiyo najua ni maneno yako yenyewe: "Mimi ni Pushkar. Shangazi alikuwa anangoja jibu langu. Nililiandika, barabara ikaporomoka, barua ikakwama. Jibu ni ndiyo. Tafadhali rudi nyumbani."

Akasema ilikuchukua muda. Akasema alisikia unavyohangaika na jina lako, na dereva alikuwa mlangoni anamwonyesha saa.

Nilimuuliza kitu kimoja tu. "Ulimsaidia maneno?"

Akasema, "Hapana. Nilimngoja."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na sasa darasa lenu pia, ilivyo kazi kukungoja bila kukusaidia. Watu wanaokupenda ndio wanaoshindwa zaidi. Yeye alikungoja na basi zima linamtukana.

Barua yako imefika juzi, siku tatu nyuma ya simu, imelowa, ina tope pembeni, "ndiyo" ya kwanza imechujuka kidogo lakini inasomeka. Mtu wa posta alinyanyua mkono kutoka mbali kama mtu aliyeleta mvua. Niliisomea Bibi yako kwa sauti. Nilipofika pale pa njia ambayo mtu hakupita, nilisimama kufuta miwani, akaninyang'anya karatasi, na kwa kuwa hajui kusoma akakaa tu ameishika.

Wakubwa wa stendi wamemtaka Dattatray aandike maelezo ya kuchelewesha basi. Ameandika: "Nilikuwa nazungumza na familia." Wamempa onyo. Amelikunja vizuri na kulitia mfukoni, na nadhani ataonyesha watu.

Mimi nilidhani umekwenda kusomea kuuza vitu. Sijui hao watu wa kwenye kilima wanakufundisha nini hasa, na jengo lenyewe hawana. Msalimie yule mwanamke wa Mizoram, mwambie kuna mtu Kavthali anamwinamia. Na kapteni, na huyo Gurnoor. Kama wanaweza kuja, waje, watalala uani.

Harusi ni Ijumaa, tarehe ishirini ya mwezi huu. Treni yako ya kwenda Coimbatore ukiipanga vizuri inapita Miraj, hapa jirani. Shuka Miraj.

Kuhani wa hekalu alikuja jana kupanga mambo. Akauliza nani atakayeniozesha, maana baba sina, kaka sina. Alitaka kumtafuta mzee yeyote wa ukoo. Nikamwambia asihangaike, mtu wangu ninaye, yuko njiani kutoka milimani. Akasema yeyote atakayeniozesha ana maneno ya kutamka mbele ya watu, na ni mengi, ya zamani, na magumu hata kwa wanaoyajua.

Nikamwambia siku hiyo asikubali harusi nyingine.

Shangazi yako,
Kusum